Vidole vya Mama na askari wa mwili wake

Siku hizi Mama hashiki sindano mpaka jua lipande. Kushona kofia kunataka vidole vibane sawasawa, uzi uzunguke kila kitundu bila kulegea. Vyake huamka vimekaza, vifundo vimevimba, mkono wa kulia sawa na wa kushoto. Hapa Langoni kila anayekuja kumjulia hali ana lake: upepo wa kusi, umri, jicho la mtu. Mimi nimekesha nikisoma, na kila nilichosoma kinanirudisha kwenye damu yake mwenyewe.

Kwenye baridi yabisi ya rumatoidi, ugonjwa alio nao Mama, askari wa mwili, yaani seli za kinga, humgeukia mwenyewe. Seli B, kundi moja la askari hao, hutengeneza kingamwili, silaha za kinga, dhidi ya protini za mwili, na mara nyingi hizo huonekana kwenye damu miaka kadhaa kabla kiungo hakijauma. Pengine zilikuwemo tangu anashona kofia ya harusi ya kaka yangu, na sisi tunamsifu kwa wepesi wa mkono. Wazo hilo linaniuma. Seli T, kundi jingine, nazo huingia kwenye utando laini wa kiungo zikichochea nyingine. Makrofeji, askari wanaomeza vijidudu, humwaga kemikali za kuamsha uvimbe kama TNF na IL-6. Utando hunenepa, hutambaa juu ya gegedu, kile kifuniko laini cha ncha za mifupa, na kuila, kisha mfupa. Kemikali hizo huzunguka mwili mzima na kuleta uchovu, ule ambao jamaa waliuita uvivu. Mama hakuwa mvivu hata siku moja.

Miaka ya 1990 mwanzoni, mjini London, watafiti Marc Feldmann na Ravinder Maini walionyesha kuwa kuizuia TNF pekee kunatuliza viungo. Lakini TNF hiyo hiyo huwasaidia makrofeji kuvifungia vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala, ndiyo maana mgonjwa hupimwa TB kabla ya kupewa dawa za namna hiyo. Nikikumbuka hilo, nashindwa kuwachukia askari hawa.

Mama ameandikiwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga, mara moja kwa wiki, si kila siku, pamoja na vitamini iitwayo asidi foliki. Aliniuliza, "Mwanangu, nikiivunja kinga yangu, nitabaki na nini?" Sijasikia swali zuri kuliko hilo. Nikamwambia dawa inapunguza makali tu, na damu na ini vitapimwa mara kwa mara. Akafikiri, akauliza kama anaweza kuimeza Ijumaa, akishaswali. Anaweza. Tumeiandika Ijumaa kwenye kopo, kwa herufi kubwa.