Pijo ya babu na bati la pipa

Kwetu Iringa hakuna mtoto wa ukoo aliyekua bila kuambiwa kwamba Pijo 404 ya babu ilikuwa gari la Safari. Babu mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema. Alikuwa akiligonga boneti kwa kiganja mara mbili, anasema, "Hili ni gari la safari, hili," kisha anarudi kwenye chai yake. Sisi wajukuu tuliisikia safari hiyo kwa herufi kubwa.

Tulikuwa na sababu. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakawa yanakata nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye vumbi na matope ya msimu wa Pasaka. Mwaka 1966 ushindi ulikuja kwetu: Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell, ndani ya Pijo 404. Mwaka 1967 wakashinda tena, kwa 404 nyingine. Mwaka uliofuata Nick Nowicki na Paddy Cliff wakaipa 404 ushindi wa tatu mfululizo, mwaka ambao magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Sasa mtoto anayeambiwa habari hizo, na nyumbani kuna 404 ambayo kadi yake inaonyesha 1965, na chini ya buti kuna mabati yaliyochomelewa kuongeza nguvu, atafikiri nini?

Babu alipofariki, gari lilibaki bandani. Kuku walitagia kiti cha nyuma. Mwaka 2011 mimi na baba mdogo tukakubaliana kulifufua, na ninakiri kwamba kilichonisukuma mimi ni ile Safari. Nilikuwa nimeshatafuta picha za magari ya ushindi na kuchonga kipande cha plastiki cha kupigia namba milangoni. Jambo moja lilinisumbua. Magari yale yalikuwa ya injeksheni, yaani petroli hupulizwa kwa pampu, na yetu ina kabureta. Nikajiambia kwamba injini hubadilishwa.

Injini yenyewe haikutusumbua kama tulivyoogopa. Ni ya lita 1.6, imelazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini, na layina zake, zile silinda za ndani ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni za kuchomoa, kwa hiyo ukipata seti mpya huna haja ya kuchonga bloku. Hata sterta ilipogoma, tulipitisha hendeli kwenye tundu la bampa la mbele tukaizungusha kwa mkono. Gari la bei kubwa enzi zake, lililochorwa na Pininfarina, na bado waundaji walikumbuka kwamba kuna siku betri itakufa mbali na mji. Napenda sana akili ya namna hiyo.

Ugonjwa ulikuwa kwenye difu, lile sanduku la gia la nyuma linalopeleka nguvu kwenye magurudumu. Miaka ya mwisho ya babu, alipokuwa kitandani, gari lilipelekwa gereji moja kubadilishwa oili, na huko wakatia oili ya difu ya kawaida, ile ya lori. Difu ya 404 si ya kawaida. Ndani yake kuna skrubu nene ya chuma inayozungusha gurudumu la meno la shaba, na dawa zinazotiwa kwenye oili za difu za kisasa zinaweza kuila shaba. Likatembezwa hivyo karibu miaka miwili, mpaka likaanza kulia kama mbwa aliyefungiwa. Ndipo likaegeshwa.

Tukaambiwa kuna mzee mmoja mtaa wa Ipogolo, fundi mstaafu, aliyezijua Pijo za zamani kuliko mtu yeyote pale mjini. Nikamfuata Jumamosi asubuhi. "Kamwene," nikamwamkia kwa Kihehe, kisha nikamwongezea shikamoo. Akaitika zote mbili, akachukua kofia na bisibisi moja tu, tukaondoka.

Tulimtandikia mkeka chini ya gari. Akafungua nati ya chini, oili ikashuka kwenye karai, nyeusi, na ilipotulia tukaona chembe zinameta ndani yake, dhahabu tupu, kama mchanga wa mtoni palipo na jua. Mzee akachovya kidole, akakisugua na gumba. "Hii ndiyo gia yenu," akasema. "Yote imo humu." Akatueleza kwamba enzi zake, oili yenyewe ikikosekana, walikuwa wanatia mafuta ya nyonyo, na shaba ilinyamaza.

Nilidhani atatoka. Hakutoka. Nilimwona anakwaruza kwa bisibisi juu zaidi, pale sakafu ya buti inapokutana na makalio ya springi, penye yale mabati yangu ya Safari. Grisi iliyochanganyika na vumbi ilianguka kwa mapande. Akaomba tochi. Akaomba msasa. Baba mdogo akanitazama, mimi nikainua mabega.

"Mjukuu wangu, njoo ulale hapa."

Nikalala ubavuni kwake. Chuma kilikuwa kimefikiwa, na tochi aliishika kwa ubavu ili mwanga utambae juu ya bati. Katikati ya bati kulikuwa na mstari uliovimba kidogo, uliofuatishwa kwa nyundo lakini haukulala kabisa. "Huu ni mkanda wa pipa," alisema. "Pipa la mafuta, la galoni 44. Limekunjwa mara mbili." Kisha akapeleka kidole kwenye ukingo, penye mshono wa gesi, akakiburuta polepole mpaka mshono ulipoishia. Pale mwisho ulipinda kama ndoano. Akaenda kwenye bati la pili. Ndoano. La tatu. Ndoano. "Nilikuwa na miaka 17. Fundi wangu alinigombeza sana kwa mkia huu, sikuuacha mpaka nimezeeka. Mabati haya nimeyachomelea mimi."

Tulitoka chini ya gari, akanawa, akakaa kwenye kigoda, akasimulia. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao, na Zambia, nchi iliyokuwa na uhuru wa mwaka mmoja tu, ikajikuta njia yake ya mafuta ya kusini imefungwa. Mafuta yakaanza kupanda kutoka Dar es Salaam kwa malori, mapipa kwa mapipa, zaidi ya kilomita 900 mpaka Tunduma na kuendelea. Sehemu kubwa ya njia haikuwa na lami. Masika yakikolea, mlima wa Kitonga peke yake uliweza kula siku nzima. Malori yalianguka, yalivunja springi, yalichoma beringi. Bomba la mafuta la TAZAMA, la kutoka Dar es Salaam mpaka Zambia, lilikuja kumaliza kazi hiyo mwaka 1968.

Babu alikuwa msimamizi wa mwenye malori mmoja. Kazi yake ilikuwa kuyafuata yaliyokwama, na Pijo ndiyo iliyobeba spea: springi nzima nzima, matairi, jeki mbili, na dereva wa zamu juu yake. Sakafu ya buti ikapasuka. Akaifikisha Ipogolo usiku, akitaka kuondoka alfajiri, na gereji haikuwa na bati ila pipa lililotoboka lililokuwa limeachwa uani. "Tulimaliza kuku wa kwanza anawika," alisema mzee. "Akarudi tena baada ya wiki tatu, upande wa pili umepasuka."

Nilimwendea bibi barazani. Nilitaka kumuuliza kwa heshima kwa nini babu alituambia mambo ya mashindano.

"Mashindano gani?" akaniuliza. "Mwenzangu alikuwa anawaambia gari la safari. Safari zake za Tunduma. Mbio mmezitia nyinyi."

Niliona haya. Miaka yote ile mtu alikuwa akituambia kitu, nasi hatukumuuliza hata siku moja: safari ya wapi, babu?

Gurudumu la gia, pamoja na skrubu yake, tulilipata kwenye pikapu ya 404 iliyooza Makambako. Uwiano wake ni mwingine, kwa hiyo gari linavuta sana mlimani ila mbio zake ni fupi, na baba mdogo bado analalamika. Kipande changu cha plastiki cha kupigia namba nilikitupa. Fundi wa bodi alipotaka kuyakata mabati ya pipa aweke mapya, yaliyonyooka, nilikataa. Alitibu kutu kandokando, na juu ya mabati yenyewe nikamwomba apake vanishi isiyo na rangi. Ukiinama na tochi unaiona mikia ya ndoano, yote saba, na ule mkanda wa pipa.