Mboga za Dodoma kwenye meza ya Nanenane

Jamani, leo nimesimama nyuma ya meza yangu uwanja wa maonesho ya wakulima ya Nanenane, Nzuguni hapa Dodoma, nimefurahi mno! Mchicha, figiri, bamia, nyanya chungu na mlenda, vyote vimetoka kwenye kieneo changu nyuma ya nyumba.

Watu wanauliza maji napata wapi. Hapa mvua ni za msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, halafu ni jua na upepo unaokausha udongo. Kwa hiyo situmii matuta ya kuinuka. Nachimba vitanda vya kuzama ili maji yakae, nachanganya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, natandaza nyasi kavu juu. Maji ya kuoshea mboga yanarudi shambani.

Mchicha usiung'oe. Kata juu, acha shina, utachipua tena. Na mboga za maonesho vuna alfajiri kabla ya jua, funika kwa kitambaa kibichi.

Kilichonigusa zaidi ni bibi mmoja wa Kigogo. Alipita meza zenye kabichi kubwakubwa, akasimama kwenye mlenda wangu, akaushika, akaniambia, "Mwanangu, huu ndio wenyewe." Nimemfungia fungu zima.