Nilivyoijenga timu yangu ya mashujaa, wawili wawili

Mashujaa watano kwenye ukurasa mmoja ni wengi. Kila mmoja anataka kiputo chake cha maneno, mchoraji anadai nafasi, na msomaji anawasikia wote kwa sauti moja. Kwa hiyo nilipoamua kuandika katuni ya mashujaa wa Nairobi, nilianza kwa kurudia X-Men, katuni za Marekani za kikosi cha mashujaa, nakala kuukuu nilizonunua kwa wauza vitabu wa kando ya barabara mjini.

Kikosi kipya cha mwaka 1975 kiliokotwa huku na huku: Storm alifuatwa Kenya, Colossus Muungano wa Kisovieti, Nightcrawler Ujerumani, Wolverine Kanada. Chris Claremont, aliyewaandika hadi 1991, alikuwa na kipaji cha kuwatenga wawili wawili. Storm alimlea Kitty Pryde, msichana mdogo wa kikosi, kama mwanawe, ndiyo maana siku Storm aliporudi kichwa kimenyolewa pande zote mbili, amevaa nguo za ngozi, yule msichana alikimbia akilia. Hapo hakupigwa adui yeyote, na bado kwangu ukurasa ule una uzito kuliko vita vingi. Kisha katika toleo la 201, la Januari 1986, Storm asiye na nguvu zake hata chembe akamshinda Cyclops, shujaa mwenzake, katika pambano la kuamua nani aongoze.

Nikachukua daftari. Watu watano wanatoa jozi kumi. Kwa kila jozi nilijiuliza: nani ana deni kwa mwenzake, nani anajua siri ya nani, na kipi hawawezi kukifanya mpaka wawe pamoja? Hilo la mwisho ndilo lililonifaa zaidi.

Mzee Kimeu ni mlinzi wa usiku Upper Hill, anaona gizani. Achieng' ni fundi wa simu Luthuli Avenue, akigusa ukuta stima inapotea jengo zima. Lakini giza analolileta linamfumba macho yeye mwenyewe.

"Shika koti langu, binti yangu."

"Mimi si mtoto, mzee."

"Ngazi ziko mbele. Shika."

Mchoraji alichora vidole viwili tu vikigusa mkono wa koti, shingo upande. Ukurasa uliofuata, Achieng' ameukamata kwa kiganja kizima. Maneno niliyokuwa nimeyaandika hapo tukayafuta.

Si kila jozi inahitaji ugomvi. Saumu, mwanafunzi wa Eastleigh, na Nekesa, muuguzi, wanapendana basi. Niliwapa fremu chache za chai nikasonga mbele. Baraka, kondakta wa matatu namba 58, ndiye alinichukua muda. Nilitaka abadilike kulingana na aliye naye: kwa Saumu ni mtani, kwa Mzee Kimeu ana adabu, kwa Nekesa anakuwa mkaidi. Nilikuwa nikifunika michoro na kusoma maneno matupu. Nisipotambua anaongea na nani, naandika upya.

Tukio la wote watano juu ya paa nililiacha mwisho, na halikunisumbua. Baraka anaweza kusimamisha lori kwa kiganja, lakini amri ilitoka kwa Nekesa, kwa sababu ndiye anayejua nani kati yao amechoka. Baraka alitii huku amenuna.