Tarakilishi ya Sebuleni

Jumanne usiku tarakilishi yangu ya mezani ilizimika nikiwa katikati ya sentensi. Stima haikuwa imepotea, kwa maana taa ya sebuleni iliendelea kuwaka na friji ikaendelea kunguruma jikoni. Nilipobonyeza kitufe cha kuiwasha, feni ilizunguka kwa sekunde tatu hivi, kisha ikanyamaza. Nilijaribu mara nne, na kila mara ilizunguka kwa muda mfupi zaidi.

Dalili za uzee zilikuwepo tangu mwezi uliopita, ila nilizipuuza. Kila asubuhi saa ya mashine ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi, hadi mwaka 2008, na tovuti ya benki ikawa inakataa kufunguka kwa madai kwamba muunganisho si salama. Mimi nilishuku virusi. Kumbe kila tovuti salama hubeba cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na mashine inayoamini kwamba tungali mwaka 2008 hukiona cheti cha mwaka huu kuwa hakijaanza kutumika. Mkosaji wa hilo la saa alikuwa betri ndogo ya CR2032, kiduara cha volti 3 kama sarafu, ambacho kazi yake ni kuendesha saa wakati mashine imezimwa.

Tarakilishi yenyewe niliinunua mwaka 2012 katika duka moja la ghorofani Moi Avenue, Nairobi, ikiwa ya mtumba kutoka Ulaya: HP Compaq dc7900, lile umbo jembamba, yenye kichakataji cha Core 2 Duo. Wakati huo nilikuwa ningali nafundisha, na nyingi ya kazi zake zilikuwa mitihani ya muhula. Baadaye zikaja kumbukumbu za vikao vya chama na kadi za mchango, na zaidi ya yote wasifu wa marehemu. Hapa kwetu Buruburu mtu akifariki, jamaa zake hunijia usiku na karatasi iliyoandikwa kwa mkono, huvuta viti wakaketi kando yangu, mmoja akaniambia, “Hapo weka kwamba alipenda watu,” huku wengine wakibishana kuhusu mwaka aliozaliwa. Kazi hiyo hailipwi. Hulipwa karatasi na wino tu, na pengine pakiti ya maziwa.

Alhamisi binti yangu aliifunga mashine kwa leso tukapanda nayo matatu hadi barabara ya Luthuli, kwa mafundi. Fundi alipoondoa kifuniko, vumbi lilikuwa limeshikana kama pamba ya godoro. Alilipuliza, akafungua kijisanduku cha umeme, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi kapasita mbili, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, zilizovimba vichwa kama maandazi, moja ikiwa imetoa ute wa kahawia uliokauka.

“Mwalimu, bodi yako ni nzima,” alisema, akimaanisha ubao mkuu wa mashine. “Kilichokufa ni pawa saplai.”

Taabu ni kwamba pawa saplai ya umbo hilo jembamba si ile ya kawaida inayouzwa kila kibanda, hivyo ilibidi itolewe kwenye mwenzake aliyekufa kwa ugonjwa mwingine. Angeitafuta kwa shilingi 2,500, betri ya saa akiniongezea bure. La sivyo, yuko tayari kuinunua mashine yangu nzima kwa shilingi 1,500 apate vipuri. Nilimwomba siku moja ya kufikiri.

Njiani binti yangu aliniambia, kwa upole anaoutumia akijua ana hoja nzito, “Mama, hata ikipona, itakuwa imeachwa.” Ni kweli. Windows 10, mfumo unaoiendesha, iliacha kupewa marekebisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na kichakataji kipya kuliko hiki changu kwa takriban miaka kumi. Wako mafundi wanaojua kulikwepa sharti hilo, lakini toleo la Windows 11 lililotoka mwaka 2024 lilifunga hata huo mlango wa nyuma, kwa kuwa linahitaji amri ambazo kichakataji hiki hakizijui kabisa. Nakiri nilishikwa na hasira. Bodi haijawahi kunikosea hata siku moja, halafu mtu aliye mbali anaamua kwamba imezeeka.

Mashine ya mtumba inayokubali Windows 11 nilitajiwa shilingi 23,000, nami nikaziona hizo ni nyingi mno kwa ajili ya kuchapa wasifu. Huenda binti yangu ataiwekea hii yangu Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, ambao ni wa bure na hauulizi umri. Kwa sasa nimeamua kuitenga na intaneti, na mambo ya benki niyafanyie kwenye simu.

Kilichonizuia kabisa kuiuza ni diski. Humo mna faili 143 za wasifu, zenye majina ya watoto, nambari za simu za kamati za mazishi, hata nambari za vitambulisho. Kufuta faili hakuliondoi andiko lenyewe. Huondoa tu alama inayoonyesha lilipo, na mjuzi anaweza kulirudisha hadi pale litakapoandikwa juu yake jingine. Najua diski inaweza kufunguliwa ikabaki nyumbani, kwa hiyo sababu hiyo peke yake haitoshi. Kilichobaki ni kwamba bado naitumia, na shilingi 2,500 naweza kuzimudu. Bodi ikifa, sitatoa hata shilingi. Nitaitoa diski niipige nyundo, na sanduku niwapelekee WEEE Centre, wanaopokea taka za kielektroniki hapa Nairobi. Ile skrini ya zamani yenye mgongo, ambayo kioo chake kina madini ya risasi na ambayo imekaa stoo bila kazi, inatangulia wiki ijayo.

Tarakilishi imerudi leo jioni. Nilipoiwasha, programu ya kuandikia iliniuliza kama ningependa kurejesha waraka wa Jumanne. Ulikuwa umekatikia hapa: “Marehemu alijaliwa watoto wanne na wajukuu”. Mazishi yalifanyika asubuhi ya leo, na jamaa walikwisha kuchapishiwa mjini. Karatasi yao ilikuwa bado chini ya kibodi, nikasoma, nikaandika “tisa” na nukta, kisha nikanakili faili zote kwenye flashi.