Siku moja ya mwalimu wa udereva kwenye milima ya Mwanza

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi boneti iko wazi. Naangalia maji, oili, fluidi ya breki na upepo wa matairi, halafu naingia upande wa kushoto na kujaribu pedali zangu mbili, klachi na breki. Corolla yetu ya shule ni ya manyuo, gia unabadilisha mwenyewe, na imefungwa pedali za ziada kwa ajili ya mwalimu. Mtaani wanaona mtu amekaa siti ya abiria anatembezwa mjini, na wapo wanaoamini kwamba anayefundisha udereva ni dereva aliyekosa gari la kuendesha. Hawauoni mguu wa kulia unaokaa juu ya breki saa nzima bila kuigusa. Jioni nyonga ndiyo inayolipa.

Saa moja hadi saa tatu na nusu ni wanafunzi wapya, uwanjani, na siku ya kwanza hakuna kugusa pedali ya mafuta. Gia namba moja, kisigino sakafuni, klachi inaachiwa taratibu mpaka sauti ya injini inazama na boneti inanyanyuka kidogo. Hapo klachi imeanza kushika. Mguu ukitulia hapo hapo kidogo, gari linaondoka lenyewe. Leo binti mmoja wa chuo aliipata, akashusha pumzi, akaniuliza, "Mwalimu, ndo hivyo tu?" Ndo hivyo, ila mguu wako uijue hiyo sehemu hata siku umeogopa.

Saa nne akaja mzee. Ana miaka mingi kwenye gari la oto, linalojibadilishia gia lenyewe, sasa amenunua pikapu ya manyuo ya kubebea mazao. Kabla hajafunga mkanda akaniambia, "Mwanangu, udereva ninao. Nipe gia tu."

"Sawa baba, twende."

Tukapanda mlima wa Isamilo. Gia alibadilisha vizuri, lakini kila akimaliza, mguu wa kushoto ulirudi kupumzika juu ya klachi. Nikamwomba auweke sakafuni. Akauweka, mara ukarudi. Mguu ukilala pale, hata kwa uzito mdogo, bearing ya klachi inafanya kazi muda wote na pleti haibanwi sawasawa, kwa hiyo inateleza, inachemka, inakwisha kabla ya wakati wake. Nikamweleza. Akasema klachi ni kitu cha kubadilisha tu. Simu yake ikaita, akanyoosha mkono. Nikamwambia pokea baba, ila kwanza tusimame pembeni.

Katikati ya mlima bodaboda ikatukata mbele, tukasimama. Nyuma yetu kulikuwa na kilori cha mchanga, kimetusogelea kweli kweli. Mzee akaachia breki akakimbilia mafuta, gari likaanza kurudi nyuma. Nikakanyaga yangu, likazima. Honi zikaanza. Akataka kuwasha likiwa bado kwenye gia bila kukanyaga klachi, nikamshika mkono.

"Baba, vuta hendibreki. Wao watasubiri."

Hendibreki. Klachi mpaka chini, washa, gia namba moja. Ongeza mafuta kidogo, achia klachi mpaka boneti inyanyuke. Ukisikia gari linataka kwenda na hendibreki imelishikilia, ishushe. Akaishusha mapema, nikakanyaga tena. Harufu ya klachi kuungua ikaingia ndani, nikafungua vioo. Jasho lilikuwa linamtoka, na mimi pia. Mwishowe likaondoka bila kurudi nyuma hata kidogo.

Tulipofika juu na kuanza kushuka, akatoa gia, akaweka frii. "Hapa nabana mafuta." Hapo sikubaliani na mtu, awe mzee wangu au awe nani. Nilimsimamisha pembeni tukazungumza. Gari lenye injekta, yaani linalopulizia mafuta kwa kompyuta, ukiachia mafuta likiwa kwenye gia mteremkoni, kompyuta yake inakata mafuta kabisa, magurudumu ndiyo yanazungusha injini. Ukiweka frii, injini lazima inywe mafuta isizimike. Kwa hiyo hubani kitu. Halafu umeipa breki peke yake kazi ya kulishika gari zima. Breki zikichemka sana zinaisha nguvu, fluidi nayo ikichemka pedali inazama mpaka chini, na wewe una magunia nyuma na watoto wa shule wanavuka mbele.

Tukapanda na kushuka mpaka saa sita ikapita, malalamiko juu kwa juu: kwamba nampotezea muda, kwamba jirani yake alijua kwa siku mbili. Mteremko wa mwisho aliingiza gia namba mbili kabla hatujaanza kushuka, akaachia mafuta, injini ikanguruma ikalishika gari. Simu iliita. Hakuinyooshea mkono.

Chakula nilikula nimesimama.

Mchana jua linapiga kwenye kioo na masaa yananichanganya. Kuna mama mmoja, mwoga lakini msikivu, tulikwama naye kipilefti cha Samaki. Alikuwa ameshikilia klachi na gia namba moja foleni nzima, mguu unatetemeka. Weka frii mama, vuta hendibreki, pumzisha mguu. Gari likamzimia foleni ilipofunguka, na nyuma wakampigia honi mpaka machozi yakamlengalenga. Wenye magari, mkiona herufi L nyekundu, acheni nafasi. Honi haiwashi gari, inamsahaulisha mtu klachi iko wapi.

Baada yake kulikuwa na vijana wengine, rivasi, kuegesha kwenye mlima: hendibreki, gia namba moja ukitazama juu, rivasi ukitazama chini, matairi yamegeuzwa ili gari likiponyoka liegemee ukingo wa barabara. Nilikuwa naongea sauti imeshakauka.

Giza limeingia nafuta pedali, mzee akapiga. Anataka Jumamosi. Nimemwambia aje na pikapu yake, nyuma aweke mifuko ya saruji, tushuke Isamilo ikiwa na mzigo.