Nilivyobadili diski mbovu kwenye RAID 5 picha zikabaki salama

Seva ya studio yetu inaendeshwa na Linux, ikiwa na diski nne za terabaiti 4 zilizounganishwa kwa mdadm, programu ya Linux ya kuunganisha diski, kuwa RAID 5, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, zikiwa na taarifa za ziada za kurejesha data diski moja ikifa. Humo mna picha za harusi za wateja, na harusi hairudiwi. Barua pepe ya mdadm ilipoingia kusema md0, yaani muungano huo wa diski, ina hitilafu, nilisimamisha kazi nyingine zote.

Nilifungua /proc/mdstat, faili inayoonyesha hali ya RAID. Penye [UUUU], U moja kwa kila diski inayofanya kazi, palikuwa na [UU_U], na kando ya sdc1, sehemu ya diski iitwayo sdc, kulikuwa na alama (F) ya kuharibika. Nikaipima diski kwa smartctl, programu ya kusoma afya ya diski: sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa kwa kuharibika zilikuwa nyingi, na nyingine zilikuwa zikisubiri.

RAID 5 huvumilia diski moja tu kufa. Kabla ya kugusa bisibisi nilinakili kazi za karibuni kwenye diski ya nje, na hapa ndipo ninapomsihi kila anayeitunza seva afanye vivyo hivyo. Kuijenga upya RAID huzilazimu diski zilizobaki kusomwa mwanzo hadi mwisho. Zetu zilinunuliwa siku moja, umri wao ni mmoja. Ya pili ikigoma katikati, picha zimekwenda.

Kisha, ipi ndiyo sdc? Jina hilo halijaandikwa popote kwenye chuma, na mpangilio wa nyaya si wa kuaminiwa. Nilitoa orodha kwa lsblk -o NAME,SERIAL, nikaandika namba ya seriali kwenye karatasi, nikaiondoa sdc1 kwa mdadm --remove, nikazima mashine. Kwa tochi ya simu nilisoma lebo za diski moja baada ya nyingine, herufi kwa herufi, hadi nikaipata.

Diski mpya nilihakikisha ni ya CMR, ambayo njia zake za kuandikia data hazipandani. Za SMR, ambazo njia hizo hupandana, huzorota vibaya zinapoandikwa mfululizo, na mwaka 2020 ilibainika kwamba hata baadhi ya zilizouzwa kwa ajili ya seva za kuhifadhia data zilikuwa SMR bila mnunuzi kuambiwa.

Baada ya kuwasha nilikagua majina upya, maana yanaweza kubadilika. Safari hii mpya ilikuwa sdc. Kunakili mgawanyo, yaani jinsi diski ilivyogawanywa sehemu, kutoka diski nzuri sda hadi mpya hutaka utulivu:

sgdisk -R /dev/sdc /dev/sda

Inayopokea hutangulia, inayonakiliwa hufuata. Ukizipindua, unafuta mgawanyo wa diski nzima. Nikafuatisha sgdisk -G /dev/sdc ili ipate vitambulisho vyake yenyewe, kisha:

mdadm /dev/md0 --add /dev/sdc1

Ujenzi ukaanza. Kwa megabaiti 150 hivi kwa sekunde, terabaiti 4 huchukua zaidi ya saa saba, nami niliwaomba wenzangu wasihariri chochote hadi asubuhi. Kulipokucha mdstat ilionyesha [UUUU]. Niliandika neno check kwenye sync_action, faili ya kuamuru ukaguzi wa md0. Ukaguzi ulipokwisha, mismatch_cnt, hesabu ya mahali data isipolingana, ilisoma 0. Sasa kila diski ina plasta ubavuni yenye namba yake ya seriali kwa wino mzito, inasomeka bila kuichomoa.