Simu Huria, Vihisi vya Mwendo na Matuta ya Barabarani

Mwaka 2008, mradi wa Openmoko ulipotoa simu iliyoitwa Neo FreeRunner, uliiwekea kitu ambacho Neo 1973 iliyoitangulia haikuwa nacho, yaani vihisi viwili vya mchapuko (jinsi kasi inavyobadilika), kila kimoja kikipima mihimili mitatu. Kwa kuwa programu za simu hiyo zilikuwa huria, na hata michoro ya saketi yake ilitolewa hadharani, watumiaji hawakungoja kuambiwa vihisi hivyo ni vya kazi gani. Walianza kupendekeza wenyewe: tikisa simu ili wimbo ubadilike, igeuze kifudifudi ili inyamaze, iinamishe ili ukurasa usogee, chora umbo hewani ili impigie mtu fulani. Mradi ule uliacha kuunda simu mpya mwaka 2009, lakini mapendekezo hayakuzikwa nao, na leo wenye PinePhone na simu nyingine zinazotumia mfumo endeshi huria wa Linux wanayarudia karibu yale yale.

Hapa Kisumu tuko wachache tunaopenda mambo haya, na tumekuwa tukiyapitia mapendekezo hayo moja baada ya jingine kwenye PinePhone. Maoni yangu ni kwamba mengi yake yanafaa kwa mtu aliyeketi kwenye kiti kisichotikisika, katika chumba tulivu, akiwa na mikono mikavu. Mtu wa kwetu hushinda na simu mfukoni akiwa juu ya boda boda, ndani ya tuktuk au kwenye kiti cha nyuma cha matatu, na mifuko hiyo hutikiswa kutwa nzima. Kwa hiyo kila pendekezo ninaliuliza swali moja kabla ya kulisifu: barabara ikiifanya ishara hii badala ya mkono, nani atalipa, na atalipa kiasi gani?

Ili swali hilo lieleweke, inafaa kujua kihisi kinaona nini hasa. Simu ikilala chali juu ya meza, kihisi cha mchapuko hakionyeshi sifuri kama wengi wanavyodhani, bali kinaonyesha g moja, yaani mchapuko sawa na wa mvutano wa dunia, kwenye mhimili unaotoka kiooni kwenda juu, kwa sababu kinachopimwa ni ule msukumo wa meza unaoizuia simu isianguke. Kwenye PinePhone chipu hiyo ni MPU-6050, nayo ikipangwa kwenye upana wa g 2 huandika takriban 16,384 kwa kila g moja. Igeuze simu kifudifudi na namba ile ile inarudi ikiwa hasi. Iachilie ianguke na mihimili yote mitatu inashuka hadi karibu na sifuri muda wote iko hewani, ambao kwa kimo cha mita moja hauzidi nusu sekunde. Kuna mwenzetu aliyependekeza simu ipige ukelele wakati huo. Tulicheka, lakini kwa kweli nusu sekunde inatosha kwa ukelele na haitoshi kwa jambo jingine lolote la maana.

Sasa iweke simu hiyo kwenye mfuko wa suruali na upande boda boda kutoka Kondele kuelekea Mamboleo. Nilirekodi namba za kihisi katika safari ya namna hiyo na kuzichora kwenye kompyuta, na palipo na tuta mstari ulipanda ukakatika juu, ukawa tambarare kana kwamba umekatwa kwa rula. Maana yake ni kwamba mtikisiko ulivuka g 2 na kihisi hakikuwa na namba ya kuuandikia. Programu inayosoma mstari huo haiwezi kujua kama kilele halisi kilikuwa g 3 au g 5. Inachojua ni kwamba kizingiti cha "mtu ametikisa simu" kimevukwa, na wimbo unabadilika, na tuta linalofuata linaubadilisha tena. Mtu anaweza kuupanua upeo wa kihisi hadi g 8 ili vilele vyote vionekane, ila kwa kufanya hivyo kila namba inabeba kipande kikubwa zaidi cha mchapuko, na miondoko midogo ya kiganja, ambayo ndiyo tuliyotaka kuisoma, inazidi kufifia.

Pendekezo la kuchora maumbo hewani linaangushwa na hesabu hata kabla ya kutoka barabarani, iwapo tutalitegemea kujua mahali simu ilipo. Kihisi cha FreeRunner, LIS302DL, katika upana wake mdogo kina hatua ya takriban sehemu 18 kwa elfu ya g. Tuseme kosa ni hatua moja tu. Ukijumlisha mchapuko huo mara mbili ili kupata umbali, baada ya sekunde 10 simu itaamini imesogea karibu mita 9, ilhali iko pale pale mezani. Ndiyo maana waliofanikiwa zaidi na ishara za hewani waliacha kutafuta njia ambayo simu imepita, wakalinganisha umbo zima la mtikisiko na mifano iliyorekodiwa awali. FreeRunner haikuwa na jairoskopu, yaani kihisi cha mzunguko, kwa hiyo kuwapo kwa vihisi viwili vilivyotenganishwa ndani ya simu kuliwapa watu matumaini, kwani tofauti ya masomo yao, yaani namba vinazotoa, ingeweza kukisia mzunguko. PinePhone inayo jairoskopu ndani ya chipu ile ile, na kazi imekuwa nyepesi kidogo. Kidogo tu.

Mtu mmoja wa Maseno aliuliza, kwa nia njema kabisa, kama kukaa kwetu kwenye ikweta kunaharibu masomo, kwa kuwa mvutano wa dunia hapa ni mdogo kuliko Ulaya, ambako nyingi ya programu hizi huandikwa. Ni kweli ni mdogo: ukijumlisha ikweta na mwinuko wa nchi yetu, tunapungukiwa na takriban sehemu tatu kwa elfu kutoka kwenye kipimo sanifu cha mita 9.80665 kwa sekunde ya mraba. Kiasi hicho ni kidogo kuliko hatua moja ya LIS302DL. Kihisi kile hakijui kama kiko Maseno au Oslo.

Lililonibadilisha mawazo kuhusu suala hili ni meza ya muuza samaki kule Dunga, ufuoni mwa ziwa hapa Kisumu. Mama yule alikuwa akiparua ngege, mkono mmoja umeshika mkia na mwingine kisu, magamba yamemjaa hadi kwenye viwiko, na simu yake imeegeshwa kwenye ubao huo huo, ndani ya karatasi ya nailoni. Ikaanza kuita. Akaitazama, akajaribu kuigusa kwa kifundo cha mkono, kioo kilicholowa kikakataa, akanitazama mimi. "Kijana wangu, hebu ninyamazishie hicho kitu." Nikanyamazisha. Simu za kawaida zinanyamazishwa kwa kitufe cha sauti, hilo najua, lakini kitufe nacho kinahitaji kidole kisicho na magamba, na kuigeuza simu kifudifudi kunahitaji mkono mzima. Mkono wa yule mama ulikuwa na kisu, na kisu kina mpini, na mpini unaweza kugonga ubao.

Kihisi cha mchapuko husikia ubao ukigongwa. Chipu kama LIS302DL ina hata saketi yake ya kutambua pigo moja au mapigo mawili bila kuisumbua prosesa kuu. Mtu atasema, na ni haki yake, kwamba anayeparua na kukatakata samaki anagonga ubao siku nzima, hivyo simu itakuwa ikipokea amri zisizokwisha. Jibu ni kwamba simu isisikilize siku nzima. Isikilize pale tu inapoita, kwa sababu wakati huo yenyewe ndiyo iliyouliza swali, na mapigo mawili yaliyofuatana kwa mwachano wa robo sekunde ni jibu linaloeleweka. Ikikosea, hasara ni kwamba mlio umenyamaza na simu inaendelea kuonyesha nani anapiga. Hiyo ni hasara anayoweza kuibeba. Lakini mtu asithubutu kutumia ishara hiyo hiyo kukata simu, sembuse kuthibitisha malipo, maana pale kosa moja linakula pesa ya mtu.

Kwa kipimo hicho, mapendekezo yanajipanga upya. Kugeuza simu kifudifudi linabaki juu, kwa sababu linategemea mkao unaodumu na si mtikisiko unaopita: programu inaweza kungoja sekunde nzima ione kama mhimili umebaki hasi, na hakuna tuta linalodumu sekunde nzima. Kujibu kwa kuipeleka simu sikioni linafaa pia, mradi kihisi cha ukaribu kikubaliane na mkao. Kuinamisha ili ukurasa usogee nimelitupilia mbali. Kwenye matatu ukurasa unakimbia peke yake, na hata nyumbani mtu hulazimika kukaza shingo ili simu isidhani ameomba jambo. Kukata hewa mara mbili ili tochi iwake, jambo ambalo baadhi ya simu za Motorola zimekuwa nalo kwa miaka, linapendwa na vijana wetu wote, na sina neno nalo isipokuwa kwamba tochi iliyowaka mfukoni kutoka Ahero hadi mjini humaliza betri ya mtu ambaye kesho atalazimika kuiacha simu kwa kinyozi ichajiwe.

Pendekezo la simu kujifunga inaponyakuliwa linastahili heshima ya pekee. Anayepigia simu dirishani mwa matatu pale stendi anajua ninachozungumzia. Google ilianza kusambaza kufuli la namna hiyo kwenye Android mwaka 2024, linalofunga kioo vihisi vinapoonyesha kwamba simu imenyakuliwa na aliyeinyakua anakimbia au ameondoka kwa chombo. Kwenye simu huria tunaweza kuandika letu wenyewe, na hapa kizingiti kinaweza kuwa chepesi kabisa, kwa kuwa barabara ikikosea na kulifunga, mwenye simu anaandika namba yake ya siri na kuendelea. Ni kero, lakini ni kero ya sekunde chache dhidi ya simu nzima pamoja na akiba yote iliyomo.

Kuna jambo jingine ambalo wapendekezaji hulipita haraka. Simu inayosikiliza mtikisiko inaweza kusikia zaidi ya ilichoombwa. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba jairoskopu ya simu inaweza kunasa sehemu ya sauti za mazungumzo, na Android 12, iliyotoka mwaka 2021, iliwekea programu kikomo cha masomo 200 kwa sekunde isipokuwa zimetangaza kwamba zinahitaji zaidi. Kwenye Linux ya simu kikomo cha aina hiyo hatupewi na mtu. Tunakiweka wenyewe au hakipo. Napendekeza huduma moja tu ndiyo iruhusiwe kusoma namba ghafi, nayo izipe programu nyingine majina ya matukio: imegeuzwa, imegongwa, imenyakuliwa. Programu ya muziki haina haja ya kujua zaidi ya hapo. Mpango huo unaokoa chaji vilevile, kwani prosesa inaweza kulala hadi tukio litokee badala ya kuamka mara 100 kila sekunde kuuliza kama kuna habari.

Sasa tuko kwenye tatizo ambalo halijanyooka vizuri, nalo linahusu meza ya Dunga. Simu inapoita hutetema, na mota ya mtetemo iko ndani ya simu ile ile yenye kihisi, kwa hiyo wakati hasa tunaotaka kusikia pigo ndio wakati ambao kihisi kimezibwa masikio na simu yenyewe. Kuchuja kwa masafa kunasaidia simu ikiwa mkononi, lakini ikiwa juu ya ubao, ubao wenyewe huitika na kuzalisha makelele yasiyo na mpangilio. Tunachojaribu kwa sasa ni mtetemo wa vipande: mota inatetema nusu sekunde, inanyamaza sekunde moja, na simu inasikiliza ndani ya kimya hicho tu, baada ya kuruka sehemu ya kwanza ambamo mota bado inapunguza mzunguko. Mtu akigonga wakati wa mtetemo hatasikika, itambidi agonge tena. Mitikisiko ya mabomba ya maji na vyombo vya jikoni pia huingia ndani ya kimya hicho, na hapo mwachano kati ya pigo na pigo ndio unaotuokoa.

Tunachohitaji ni rekodi nyingi zaidi kuliko za Kisumu pekee. Mwenye simu ya Linux aliye Nakuru, Kakamega, Busia au Homa Bay anaweza kurekodi masomo ya mihimili mitatu kwa kasi ya 100 kwa sekunde, kihisi kikiwa kwenye upana wa g 8, na kuandika pembeni simu ilikuwa wapi: mfuko wa mbele, mfuko wa shati, mkoba, au juu ya meza ya aina gani. Atie pia aina ya chombo alichopanda na kama njia ilikuwa ya lami au ya murram. Rekodi za mezani zinafaa zaidi wakati huu, hasa za ubao na mabati, simu ikiwa inaita na mtu akigonga kwa kitu alichonacho mkononi.